Chai ya Ndimu Niliyonyimwa

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema kabla sijajisahau katikati ya maneno nikaanza kujipamba. Nilipokuwa na miaka kumi nilimwonea wivu mtu aliyekuwa anakufa, tena si wivu wa siku moja ukaisha. Nilimwonea asubuhi na jioni, miezi mitano mfululizo, na nilichokuwa nikikitolea macho ni kikombe chake cha chai ya ndimu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kwetu ni upande wa Uriri, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu kutoka Ogwedhi kwenye soko la ng'ombe. Boma letu lilikuwa na nyumba ya baba na mama, jiko, na nyumba ya nyanya yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Dani kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Nilipoachishwa ziwa nilihamia kwa Dani, kama ilivyokuwa desturi ya wasichana kwetu, nikalala kwake miaka yote hiyo, mguu wangu juu ya mguu wake.

Tena sikuwa mjukuu wa hivi hivi tu. Nilipewa jina la marehemu mama mkwe wake, kwa hiyo Dani alinifanyia utani wa kunitumikia. "Mama mkwe ameamka?" angeuliza alfajiri akichochea moto. "Mama mkwe leo amenuna, ni nini nimekosea?" Kaka zangu walicheka, lakini mimi sikuona cha kuchekesha. Niliona ni haki yangu kabisa.

Asubuhi alipika chai ya maziwa nusu kwa nusu, akaiacha ipande mara tatu, kila ikipanda anainua sufuria kidogo na kuirudisha. Kikombe cha kwanza kilikuwa chake, cha pili changu. Kigoda changu kilikaa upande wa kulia wa mafiga, na hakuna aliyekikalia, hata baba akija kuamkia mama yake. Hapo ndipo palipokuwa pahali pangu duniani. Palichukuliwa, na kwa miezi mitano sikuwa na kazi nyingine moyoni ila kutaka panirudie.

Aliyepachukua alikuwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, kitinda mimba wa Dani. Tulimwita Waya, ambalo ndilo jina la shangazi kwa Kijaluo. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali huko Homa Bay, na kwa kawaida tulimwona Desemba tu. Mwaka huo alikuja wakati wa palizi ya vuli, amebebwa nyuma ya baiskeli ya boda boda, amevaa sweta juani, mkoba mmoja begani na kikapu mapajani. Mwenye baiskeli alimsaidia kushuka. Dani alitoka shambani na jembe mkononi, akamtazama, akaliachia jembe likaanguka palepale. Akamkumbatia kwa muda mrefu mno. Mimi nilisimama kando nikingoja zamu yangu ya kusalimiwa, na zamu haikufika.

"Amechoka," Dani alituambia jioni. "Amekuja kupumzika." Hayo ndiyo maelezo yote tuliyopewa watoto, na watu wazima nao walijifanya wameyaamini.

Asubuhi ya kwanza Dani alimpa chai ya juu kabisa ya sufuria, yenye utando wa malai. Waya alikunywa mafunda mawili, akatoka mbio nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa amejishika tumbo. Akafungua kikapu chake, akatoa majani ya chai ndani ya mkebe, ndimu tano zimefungwa kwenye leso, na kikombe. Nitakieleza kikombe hicho kwa sababu kilinitesa. Kilikuwa cha udongo mweupe wa kung'aa, ukingo wa kijani, na sahani yake. Sisi tulikunywa kwa magi za bati zilizobanduka rangi.

"Mama, nipikie turungi," alisema.

Dani alikasirika. Turungi, yaani chai isiyo na maziwa, kwetu ilikuwa aibu. Ukimpa mgeni turungi ataitangaza hadi Ogwedhi na kurudi. "Ng'ombe watatu wanakamuliwa hapa," Dani alisema, "halafu mwanangu anywe maji meusi? Watu watasema nini?"

"Watu hawana tumbo langu, mama," Waya akajibu. Akaeleza kwamba ofisini kwao saa nne wote walikunywa hivyo, pamoja na mkubwa wao. Ndimu inafungua kifua, alisema. Inakata mafuta ya samaki, inarudisha hamu ya kula, na mdomo unabaki safi. Alipoipata turungi yake, akakata ndimu katikati na kuikamua ndani ya kikombe kile. Chai iliyokuwa nyeusi ikapauka mbele ya macho yangu, ikawa rangi ya asali mbichi, na harufu ikajaa nyumba nzima hadi moshi haukusikika. Sikuwa nimewahi kuona mtu akibadilisha chai kwa mkono. Nikaisogeza magi yangu karibu.

Dani aliirudisha nyuma kwa kidole. "Hii ni ya Waya wako," alisema.

Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu Dani kuninyima kitu. Nakumbuka nilitazama kile kidole chake nikakichukia.

Yaliyofuata yalikuja mbiombio. Siku ya pili Waya alikuta kigoda changu kinamfaa kwa sababu kiko karibu na moto, naye alihisi baridi hata adhuhuri. Siku ya tatu mama alikuja kuchukua blanketi langu. "Utalala kwetu," alisema, bila sababu. Nikamtazama Dani amwambie mama maneno mawili matatu, kwamba mama mkwe wake haondoki. Dani aliendelea kuchagua maharagwe. Nikatoka na blanketi langu nikiwa nimevimba, na usiku huo mguu wangu haukujua pa kulala.

Kisha kikaja kile kikombe chenyewe. Mama alitoa amri, na mama akitoa amri hata baba alitembea kwa ncha za vidole. Kikombe cha Waya kiwe na rafu yake peke yake. Sahani na kijiko chake pia. Vioshwe mwisho, katika beseni lake, kwa maji yanayochemka, na asiviguse mtoto yeyote.

Leo mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba ugonjwa ule hausambai kwa kikombe. Miaka ile hatukujua, na waliojua hawakutuambia kwa lugha tuliyoielewa. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Watu waliutaja kwa kushusha sauti tu.

Lakini mimi sikufikiria ugonjwa. Katika kila nyumba ya kwetu palikuwa na kikombe kimoja kizuri kilichowekwa juu, ambacho watoto hawakigusi. Kilikuwa cha mchungaji, au cha chifu siku akipita. Kikombe cha peke yake maana yake ni mtu mkubwa, sikujua maana nyingine. Basi nilipoona Waya ana kikombe chake, rafu yake, maji yake ya moto, na wageni wanasimama mbali wanapomsalimu na kuzungumza polepole, niliona heshima. Niliona mtu ametoka Homa Bay akatawazwa nyumbani kwetu, na mimi, mama mkwe mwenyewe, nimefukuzwa nilale na kaka wenye miguu michafu.

Niliona gere hadi nikakonda. Mama alipoona ninakonda alianza kunitazama kwa jicho la ajabu, na hilo nalo sikulielewa.

Ndimu za Homa Bay zilipoisha Dani akawa anazitafuta Ogwedhi. Wanawake wa Kikuria walizileta kutoka Ntimaru, pamoja na ndizi na machungwa. Siku ya soko nilifuatana na Dani nikibeba kapu, nikipita katikati ya ng'ombe na Wamasai wenye fimbo. Nilikuwa na furaha kidogo siku hizo, kwa sababu njiani alikuwa wangu peke yangu. Lakini tukifika kwa ndimu alinisahau. Alizishika moja moja, akazibonyeza, akazinusa, akazitikisa karibu na sikio. Muuzaji alikuwa mama mnene mcheshi, na kwa kuwa hakujua Kijaluo na Dani hakujua Kikuria, walikutana katika Kiswahili cha sokoni.

"Hii iko na maji?" Dani aliuliza.

"Iko na maji mingi sana, nyanya. Kamua tu utaona."

"Sio ya kukauka kama ile ya juzi?"

"Ile ya juzi ilikuwa ya jua. Hii ni ya mvua. Nani anakunywa, ni wewe?"

"Ni mtoto yangu," Dani akasema. "Iko na kifua."

Yule mama akaacha kucheka. Akaongeza ndimu mbili bila kuombwa, kisha akaniona mimi. "Na wewe, kasichana, shika yako," akanipa moja, kubwa, ya manjano, yenye chuchu ndefu.

Ilikuwa yangu. Nilipewa mkononi mbele ya watu. Nikaibeba hadi tulipopita zizi la mwisho la ng'ombe, nikiinusa, nikipanga nitakavyoikata. Ndipo Dani akanyoosha mkono bila hata kunitazama, akaichukua na kuitia kapuni pamoja na zile nyingine. "Itamfaa Waya wako Alhamisi," alisema. Sikulia. Nilitembea nyuma yake njia nzima nikikanyaga kivuli chake makusudi.

Wiki hiyo niliamua kujipikia ya kwangu. Waya alikuwa ameacha nusu ndimu iliyokamuliwa mara moja, nikaiokota. Mama alikuwa amepika chai ya nyumba nzima, ya maziwa, akatoka kufagia uwanja. Nikawaza, ikiwa turungi ya aibu inakuwa tamu hivyo, je, chai ya maziwa itakuwaje? Nikaikamua yote ndani ya sufuria kwa mikono miwili.

Chai ikatulia kidogo, kisha ikakatika. Mabonge meupe yalipanda juu na maji ya kijivu yakabaki chini. Mama aliporudi alidhani maziwa yameharibika, akaanza kumlaumu kaka kwa kutoosha kibuyu. Kaka akajitetea hadi machozi. Kisha mama akachota kwa kikombe amwage, akaona mbegu ya ndimu imeelea katikati. Akaigeuza geuza mbegu ile kwenye kiganja, halafu akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nanukia ndimu hadi viwikoni.

Sikupigwa. Niliambiwa nikae nimalize magi mbili za ile chai iliyokatika, na kaka zangu wakaruhusiwa kutazama. Kutoka kwa Dani nilisikia kicheko, kisha kicheko kingine chembamba kilichogeuka kikohozi. Waya naye alikuwa anacheka. Nikaapa nitamlipiza.

Baadaye nilijaribu kuugua. Nilijua kukohoa, maana nilimsikia Waya kila siku, nikaiga kikohozi chake vizuri sana, kile cha mara tatu na mluzi mwishoni. Nilitegemea kusikia, "Mkamulieni na huyu ndimu." Badala yake baba aliacha kula akanitazama, mama akaangusha mwiko, na kabla jua halijasimama nilikuwa nimeshikwa pua nikinyweshwa mwarobaini wa kuchemshwa. Ulikuwa mchungu hadi masikio yakaziba. Jioni nikatangaza nimepona. Mama alilia alipoambiwa nimepona, nami nikashangaa mtu analiaje kwa habari njema.

Basi ikafika ile asubuhi. Dani alikuwa ameenda mtoni. Mama alikuwa bandani kwa ng'ombe. Waya alikuwa ametolewa nje kuota jua, ameketi kwenye kigoda changu, ameegemea ukuta wa nyumba, shingo yake imebaki nyembamba kiasi kwamba kola ya sweta ilisimama peke yake. Kikombe kilikuwa chini karibu na mguu wake, juu ya sahani, nusu kimejaa, bado kinatoa mvuke kidogo. Macho yake yalikuwa yamefungwa.

Sikuwa na njaa, wala kiu. Nilikuwa na hasira. Niliwaza kwamba nikinywa kutoka kikombe kile nitakuwa nimevunja ile heshima yake, na Dani akirudi atakuta tumekuwa sawa. Nikachuchumaa, nikakiinua kwa mikono miwili, nikanywa palepale pa kijani alipoweka midomo yake. Nilimeza yote. Na niseme ukweli mwingine, haikuwa tamu. Ilikuwa chachu, bila sukari, na ulimi wangu ulijikunja. Miezi yote ile nimekonda kwa ajili ya kitu hiki! Lakini nilikilamba hadi tone la mwisho, kwa sababu lilikuwa lake.

Nilipoteremsha kikombe nikakuta macho yake yako wazi, ananitazama.

Mama alikuwa amejitokeza na ndoo ya maziwa. Alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka nywele zinanisimama, maziwa yakamwagika miguuni pake, akanirukia. Alinikokota hadi kwenye pipa la maji, akanisukutua kinywa kwa chumvi, akanitia vidole kooni, akaita jina la baba, akaita jina la Mungu. "Umefanya nini? Umefanya nini, mwanangu?" Nilidhani ni kwa sababu ya wizi. Nilisema nitarudisha, nitatafuta ndimu nyingine. Hilo lilizidisha kilio chake.

"Mwache," Waya alisema kutoka ukutani. Hakuinua sauti, hakuwa na ya kuinua. "Mwache, wifi. Mtoto amekunywa na mimi tu."

Nikageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni na hakuyafuta, lakini uso wake ulikuwa umefunguka, umekuwa wa Desemba. Ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimemwibia, naye alinitazama kana kwamba nimemletea zawadi.

Dani alirudi na mtungi kichwani akatukuta hivyo. Aliambiwa. Alitua mtungi, akakaa chini kwenye vumbi, miguu imenyooshwa mbele, mkao wa matanga. Kisha akasema, kwa mama na kwa nafsi yake pia, "Nimemnyonyesha huyu miaka miwili. Nimemtafunia chakula nikamlisha. Halafu nikakubali kikombe chake kioshwe mbali." Mama alijibu kwamba yeye ana watoto wanne wa kulinda na hakuna aliyemfundisha njia nyingine. Hakukosea kusema hivyo. Hawakusemezana siku tatu.

Kesho yake Dani alikuja kunichukua mwenyewe. "Mama mkwe, njoo," alisema, na moyo wangu ukaruka. Alikata ndimu, akakamua ndani ya kikombe cheupe, akanywa yeye kwanza, funda kubwa, huku mama amesimama mlangoni na mkono mdomoni. Akampa Waya. Waya akanywa, akanipa mimi. Na hivyo ndivyo tulivyokunywa kila asubuhi kuanzia siku hiyo, watu watatu kikombe kimoja. Mama alikuwa akinipima joto kwa kiganja mara kumi kwa siku. Alifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Mtu angedhani hapo wivu uliniisha. Haukuisha, ulihamia pengine. Sasa watu walianza kunisifu. Dani aliwaambia majirani kwamba mjukuu wake ana moyo wa ajabu, kwamba watu wazima walikimbia na mtoto akakaa. Wanawake wa kanisani walinishika kichwa wakaniombea. Waya alianza kupata wageni wa kukaa karibu naye, wawili watatu walioona haya kushindwa na mtoto, na mmoja wao alikubali hata kumsuka nywele. Nami kila nikisifiwa niliona Dani akimtazama Waya wakati wa kunisifu, hanitazami mimi. Hata sifa zangu zilikuwa zake. Kigoda bado alikalia yeye.

Alifariki mvua za masika zilipoanza. Kwenye mazishi mjomba mmoja alisimama akasema kwamba katika boma hili upendo ulikuwa na miaka kumi, akaninyooshea mkono, watu wote wakageuka. Niliangalia vidole vyangu vya miguu kwenye tope. Mpaka leo kuna ndugu wanaonisimulia habari ile machozi yakiwalengalenga, nami nawaacha waisimulie wapendavyo, kwa sababu aliyestahili kujua ukweli aliujua. Nilimwambia mwenyewe.

Ilikuwa kama wiki moja kabla hajaondoka, mchana, Dani yuko shambani. Waya hakuweza tena kukaa, alikuwa kitandani, nami niliachiwa kazi ya kumshikia kikombe. Alikuwa anaweza kulowesha midomo tu.

"Niambie kitu," alisema. "Siku ile. Hukuogopa?"

Ningeweza kusema hapana. Jibu zuri lilikuwa limekwisha kuandaliwa na boma zima, mimi ni kulisema tu. Lakini nilikuwa nimelibeba lile jambo muda mrefu, na sifa zilikuwa zimenichosha.

"Nilikuwa nakuonea wivu," nikasema.

Nikafikiri hakusikia, nikarudia kwa sauti, na hasira yote ikanitoka kwa mkupuo. Kwamba amechukua kigoda changu. Kwamba amenitoa kwenye kitanda cha Dani. Kwamba nilipewa ndimu yangu mkononi Ogwedhi nikanyang'anywa kwa ajili yake.

Alianza kutikisika. Nikadhani nimemuua, nikaweka kikombe chini niende kuita watu, kisha nikaona anacheka. Alicheka bila sauti, amenishika mkono kwa vidole vyake vikavu, mpaka pumzi ikamkatika ikabidi tungoje irudi.

"Tangu nirudi hapa," alisema, "watu wote wananihurumia. Mama ananihurumia. Mchungaji ananihurumia. Hata mbwa wakiniona wananipisha." Akapumzika. "Wewe umenionea wivu. Mimi, hivi nilivyo."

"Ndiyo," nikasema, bado nimenuna.

"Wivu wa nini tena? Niambie vyote."

Nikamwambia. Wivu wa kikombe na ukingo wake. Wivu wa harufu ya ndimu mikononi mwake. Wivu wa kupashiwa maji ya kuoga na kuwekewa kanga mpya mabegani. Wivu wa vile Dani anavyomwita, akilivuta jina lake mwishoni. Alikuwa amefumba macho, na kila nikinyamaza aliniminya mkono kidogo.

"Na nini tena?"

Nikamwambia wivu wa kulala mchana. Wivu wa kutotumwa mtoni. Nikatafuta moyoni, nikakuta vimeisha, sikuwa na kingine. Akaniminya mkono tena. Basi nikaanza kutunga. Nikamwambia namwonea wivu shingo yake, na sweta lake, na meno yake, na jinsi anavyokohoa, nikaendelea kutunga, kimoja baada ya kingine, kwa sababu niliona bado hajatosheka.